Mchuma wa mbio Arusha huanzia kwenye bushi za nyuma

JUMAPILI ya Juni 27, 2021, Naivasha nchini Kenya, Thierry Neuville aliingia kwenye gari akiwa anaongoza kwa karibu dakika nzima. Kwa wasiofuatilia mbio za magari, hiyo ni kama kuongoza mabao manne mpira ukiwa umeingia dakika ya 80. Safari Rally ilikuwa imerudi kwenye ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu 2002, na Mbelgiji huyo wa Hyundai alikuwa amebakiza siku moja tu aandike jina lake.

Hatua ya kwanza ya siku hiyo, Loldia, ikammaliza. Mguu wa nyuma kulia ulikufa, gari likawa linaburuta kiuno, na habari yake ikaishia hapo. Sebastien Ogier wa Toyota akapita na ushindi, Takamoto Katsuta akawa wa pili. Haikuwa injini iliyomtoa Neuville, wala gia. Ni sehemu ya gari ambayo hakuna shabiki anayepiga nayo selfi.

Arusha iko karibu zaidi na Naivasha kuliko na Dar es Salaam. Unavuka Namanga, unapita Nairobi, umefika. Ndiyo maana mambo ya Safari Rally hapa si habari za mbali, ni mambo ya jirani. Lakini nenda gereji za Unga Limited au Njiro Jumamosi mchana, sikiliza vijana wenye Subaru na Altezza zao wanapanga nini msimu ujao. Utasikia turbo. Utasikia bomba la moshi, rimu, springi fupi, na taa. Bushi za nyuma zitatajwa mwisho, tena na fundi, baada ya gari kuinuliwa kwa jeki na tairi kutikisika kama jino bovu.

Huko ni kusajili straika wa bei mbaya huku beki wa kushoto anachechemea. Mabao utafunga, lakini angalia utakachofungwa.

SIKU ZA PEUGEOT 404

Zamani jambo hili lilikuwa rahisi. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Mashindano hayo, yaliyoanza 1953, yalikuwa bado yakipita nchi zote tatu za Afrika Mashariki, si Kenya pekee.

Nyuma ya 404 ya saluni kulikuwa na ekseli ya kipande kimoja, springi za koili na fito chache za kuizuia isitembee. Tairi la kushoto na la kulia yameshikana kwenye bomba moja la chuma. Likipanda moja, la pili linajua. Hakuna mengi ya kuchagua, na hakuna mengi ya kuharibika.

Impreza iliyotoka 1992, ambayo ndiyo imewafundisha vijana wengi wa ukanda huu kukimbiza gari kwenye vumbi, ni kitu kingine kabisa. Kila tairi la nyuma linajitegemea. Linashikiliwa na shokapu kwa juu, na kwa chini kuna fito tatu ambazo mafundi huziita amu: mbili zimekingama kutoka katikati ya gari kwenda kwenye tairi, na moja ndefu inakwenda mbele kushika bodi. Amu tatu zina ncha sita. Pande mbili, ncha 12. Na kwenye ncha hizo ndiko zinakokaa bushi, vipande vya mpira vilivyobanwa kati ya bomba dogo la chuma ndani na bomba kubwa nje, ukubwa wake unaweza kuuficha kwenye kiganja.

Kazi ya amu ni kuliambia tairi likae wapi. Kazi ya bushi ni kuiruhusu amu ipande na kushuka bila kupitisha kila jiwe moja kwa moja kwenye bodi. Bushi ikichoka, amu inabaki nzima, inang'aa, imepakwa rangi vizuri, lakini haina tena la kuliambia tairi.

MKIA UNAPOANZA KUONGEA

Dereva hulijua hili kwanza kwenye breki. Gari linashuka mteremko, mguu unagusa breki, na nyuma kunajivuta upande kama mtu anayetaka kugeuka kuangalia kitu. Tairi mojawapo limetazama nje kidogo, milimita chache tu, kwa sababu mpira uliolegea umeruhusu amu isogee. Ukiachia breki linarudi. Kwenye kona ndefu ukiachia mafuta ghafla, mkia unatoka kabla hujaomba utoke.

Dereva mzoefu anaweza kuishi na gari la namna hiyo kwa muda. Anazoea, anaanza kurekebisha usukani kabla gari halijacheza, na anaamini hiyo ndiyo tabia ya Subaru. Hapo ndipo hatari ilipo. Kuna siku atakutana na kona yenye kokoto upande mmoja na udongo mgumu upande mwingine, na kile alichokizoea hakitatokea kama alivyokizoea. Pembeni yake kuna msoma ramani, na nje ya kona kuna watu waliosimama na simu mkononi.

Dalili nyingine ni za kawaida zaidi. Mlio wa kugonga unapopita matuta na rasta za barabara ya Moshi. Tairi la nyuma kuliwa upande wa ndani huku upande wa nje bado una meno. Gari kutokaa kwenye alaimenti: linapimwa leo, wiki ijayo vipimo vimehama. Mwenye kituo cha alaimenti analaumiwa bure, kwani huwezi kupima kitu kinachotembea.

Kipimo cha gereji ni mtalimbo. Gari linapandishwa, ncha ya mtalimbo inaingizwa kati ya amu na bodi, inasukumwa taratibu. Bushi nzima inajipinda na kurudi. Bushi iliyokufa inaacha nafasi, au inaonyesha mpira uliobanduka kwenye chuma. Nyufa ndogo za juu juu si kesi. Mpira uliobanduka ni kesi.

VUMBI LA MERU SI LA KUCHEKA NALO

Mlima Meru ulilipuka mara ya mwisho 1910, na majivu ya milipuko yake ya karne nyingi ndiyo udongo unaolisha migomba na kahawa kuanzia Tengeru hadi Ngaramtoni. Ukikauka, udongo huo unakuwa vumbi laini kama unga wa sembe. Linaingia kwenye milango iliyofungwa, linaingia kwenye fyuzi, na linaingia kwenye kila kiungo cha chini ya gari. Ukilishika kati ya vidole na kusugua utasikia mchanga. Ni msasa huo.

Masika yakifika, kuanzia Machi hadi Mei, vumbi hilohilo linakuwa tope linalonata na kuziba kila tundu. Kisha kuna makunyanzi ya barabara za changarawe, yale ambayo waongoza watalii huwatania wageni kwamba ni masaji ya bure. Gari likipita pale kwa kasi, bushi inapigwa mara nyingi kwa sekunde moja, na inapata joto.

Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya gari la kiwanja cha lami Ulaya au Japan, ukiuleta hapa mzima mzima, utaumia. Dereva wa lami anataka nyuma kusicheze hata kidogo. Dereva wa Arusha anataka nyuma kusicheze, lakini pia anataka gari lirudi nyumbani.

CHAGUO LENYEWE

Tuchukue kijana mwenye Impreza ya miaka ya tisini, ile yenye turbo, anayeitumia kazini siku za wiki na kwenye vumbi mwishoni mwa wiki. Amekusanya hela ya kufanya jambo moja nyuma ya gari. Mbele yake kuna njia nne.

Ya kwanza ni bushi mpya za mpira, oji, zilezile za kiwandani. Wengi huzidharau kwa sababu hazina picha nzuri. Lakini gari ambalo limekuwa likitembea na mpira wa miaka 25, likipewa mpira mpya, dereva wake anaweza kudhani amebadilishiwa gari. Mpira haupigi kelele, haudai grisi, vumbi haliusumbui kwa sababu hakuna sehemu inayosuguana. Mpira hujipinda, hausugui.

Ya pili ni mpira mgumu zaidi. Subaru wenyewe kupitia STI waliuza mipira ya aina hii kwa ajili ya magari ya kundi N, daraja la mbio lililotaka gari lisiachane sana na lile la dukani. Hardrace ya Taiwan nao wanatengeneza amu zenye mpira mgumu. Umbo ni lilelile, tabia ni ileile, ila amu inasogea kidogo zaidi ya kidogo.

Ya tatu ni poliyuretheni, zile bushi za rangi rangi zinazoonekana kama plastiki. Whiteline na SuperPro wa Australia na Powerflex wa Uingereza ndio majina yanayojulikana. Ugumu wa vitu hivi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Shore A: mpira wa bushi za kawaida huwa kwenye 60 hivi, poliyuretheni za barabarani huzunguka 80, na za mashindano hufika 95. Tofauti ya kikazi ni kubwa kuliko namba. Poliyuretheni haijashikamana na bomba la ndani. Inazunguka juu yake, kama bawaba. Kwa hiyo inahitaji grisi, tena grisi ya silikoni inayokuja nayo kwenye boksi, si ile ya kwenye ndoo ya gereji. Ikikauka inalia kama kitanda cha gesti. Na vumbi la Meru likiingia pale kati, linakula.

Ya nne ni rozi jointi, tufe la chuma ndani ya kikombe cha chuma. Hakuna mpira kabisa. Amu inazunguka pande zote bila kusita na haisogei hata nywele. Kwenye gari la mashindano lenye timu ya mafundi wanaobadilisha vitu baada ya kila mbio, hakuna kinachoishinda. Kwa kijana wetu anayepeleka mtoto shule na gari hilohilo Jumatatu, ni mzigo. Vifuniko vyake vya mpira vikichanika na wiki mbili zikapita bila mtu kuangalia, jointi inaanza kugonga, na kila kinachogonga kinafika moja kwa moja kwenye bodi.

Sasa, wengi hufanya kosa la kuchagua aina moja na kuijaza kwenye ncha zote 12. Hapo ndipo inabidi kutulia kidogo, kwa sababu ncha hizi hazifanyi kazi moja.

Zile amu mbili zilizokingama kazi yake ni kuzuia tairi lisisogee pembeni na lisigeuke. Zinapanda na kushuka kama mlango kwenye bawaba. Ncha zake za ndani, zile zilizo katikati ya gari, zinafaa kabisa kuwekewa kitu kigumu zaidi, iwe mpira mgumu au poliyuretheni ya barabarani. Hapo ndipo ule mchezo wa milimita chache kwenye breki unapokufa.

Ile amu ndefu inayokwenda mbele ni mnyama mwingine. Tairi linapopanda, amu hii haizunguki tu, inajipinda pia, kwa sababu zile mbili za kukingama zinalivuta tairi kwenye njia yake. Bushi yake ya mbele inatakiwa ikubali kupindwa pande kadhaa kwa wakati mmoja. Mpira unakubali. Poliyuretheni ngumu inakataa. Ikikataa, mguu unakuwa mzito kupanda na kushuka, kana kwamba umeongeza springi ya siri, na tairi linaanza kurukaruka juu ya makunyanzi badala ya kuyafuata. Dereva anasema shokapu zimekufa, ananunua shokapu, tatizo liko palepale.

Hivyo kwa gari la vumbi, mpira mpya ubaki kwenye ile amu ndefu, tena oji, na ugumu uongezwe katikati. Siyo mtindo wa kupiga nao picha. Ila gari linakaa.

Wenye BMW za E36 na E46, ambazo Arusha hazikosekani, wana ugonjwa wa jirani na huu. Bushi ya mbele ya treilingi amu ya nyuma ndiyo hufa mapema, na mkia unaanza kuelea kwenye mwendo mkubwa. Kuna washa maalumu zinazowekwa pembeni ya bushi mpya ya mpira kuzuia isisogee pembeni huku ikiendelea kujipinda. Kitu cha bei ndogo, kazi kubwa.

ACHA CHA BEI RAHISI KIFE KWANZA

Kuna hoja moja ambayo mafundi wanaoshughulika na magari ya watalii wanaielewa kuliko wauza spea wote wa mtandaoni. Arusha ni mji wa Land Cruiser. Gari inatoka hapa kwenda Ngorongoro na Serengeti, inarudi imepigwa, inapandishwa juu ya shimo usiku, asubuhi inaondoka tena. Nyuma kuna springi za sahani, na kwenye macho ya springi hizo kuna bushi. Mafundi hawa wamebadilisha bushi nyingi kuliko walivyokula chapati. Wanajua kwamba bushi ni fyuzi.

Jiwe likipiga tairi la nyuma, nguvu ile lazima iishie mahali. Bushi laini inameza sehemu yake. Inayobaki inaipinda amu. Ikizidi, inakwenda pale amu ilipofungwa kwenye bodi. Amu iliyopinda, timu yenye boliti safi inaibadilisha haraka kwenye kambi ya matengenezo. Bodi iliyochanika haibadilishwi kambini. Hapo msimu umekwisha, na pengine gari limekwisha.

Anayefunga rozi jointi kila ncha na amu nene za chuma zisizopinda, ameondoa fyuzi zote mbili. Kilichobaki cha kukatika ni kile cha bei ghali zaidi. Kwenye lami ya kiwanja hilo halina neno, hakuna mawe kule. Kwenye njia za mashamba zinazozunguka Meru, mawe yapo.

Kwa sababu hiyohiyo, amu za alumini zitazamwe kwa jicho la pili. Ni nyepesi, na wepesi chini ya gari ni kitu kizuri. Lakini chuma hupinda kwanza na kukupa taarifa. Alumini haikupi onyo refu. Na amu iliyokatika ikachomelewa, iwe ya chuma au ya alumini, isirudi chini ya gari la mbio hata kama mchomeleaji ni ndugu.

AMU ZA KUREKEBISHA: NANI ANAZIHITAJI?

Amu zenye uzi katikati, unazozirefusha na kuzifupisha kwa spana, ndizo zinazouzwa kwa mbwembwe zaidi. Cusco wa Japan na wenzao wanazo, na bei ya jozi moja mara nyingi inakununulia bushi za nyuma zote na chenji ikabaki.

Zina kazi yake. Gari likishushwa kwa springi fupi, tairi la nyuma linaanza kulala ndani na linaweza pia kugeuka kidogo. Impreza ya zamani ina boliti ya kurekebisha kwenye amu ya kukingama ya nyuma, upande wa ndani, inayotosha kulinyoosha tairi liangalie mbele. Lakini kulala kwake haina cha kukurekebisha. Kwa aliyeshusha gari sana, amu hizi ndizo zinazookoa tairi.

Sasa aliyeshusha gari sana anakwenda nalo wapi hapa Arusha? Kwa gari la vumbi, linalotakiwa kuwa juu kuliko lilivyotoka kiwandani, hela ya amu hizo ingekaa vizuri zaidi kwenye shokapu. Hilo wauzaji hawatakwambia.

Kuna na jambo la nati. Amu ya kurekebisha inafungwa na nati za kuzuia pande zote mbili. Makunyanzi yanazilegeza. Nati ikitembea nusu mzunguko, tairi limegeuka, na unarudi palepale pa mkia unaoongea, safari hii kwa gharama kubwa.

MTUMBA, FEKI NA MOTO WA GESI

Ukitafuta amu za Impreza ya zamani utapelekwa kwenye mtumba. Amu yenyewe ya mtumba inaweza kuwa nzuri, maana chuma hakizeeki haraka kikiwa hakijapinda wala kuliwa na kutu. Kinachosahaulika ni kwamba inakuja na bushi yenye umri wa gari ilikotolewa. Kubadilisha amu ya miaka 25 kwa amu nyingine ya miaka 25 ni kubadilisha kipa majeruhi kwa kipa majeruhi. Nunua amu ya mtumba kama imenyooka, kisha weka bushi mpya.

Feki nazo zipo. Bushi ya mpira inaingia kwenye amu kwa presi, kwa nguvu. Ikiingia kwa kusukuma na mkono, irudishe ilikotoka. Mpira uliokaa dukani miaka mingi nao unachoka. Uminye kwa kucha. Ukiona nyufa nyembamba, umenunua uzee. Zipo pia bushi zinazokerezwa mjini kutoka kwenye nailoni au mpira wa tairi. Kwa lori la mchanga zinasaidia. Kwa gari linaloingia kona kwa kilomita 120, hapana.

Halafu kuna uondoaji. Mtindo wa kuchoma bushi kuukuu kwa moto wa gesi hadi mpira utoke unaokoa muda, ila moshi wake ni sumu na amu ya alumini ikipigwa moto ule inapoteza nguvu yake bila kuonyesha kwa macho. Presi ipo, itumike. Na mwenye Impreza ajiandae kisaikolojia kwa ile boliti ndefu inayopita kwenye kitovu cha tairi na kushika amu zote mbili za kukingama. Hugandana na kutu hadi ikabidi ikatwe. Boliti mpya inunuliwe kabla gari halijafunguliwa, si baada, maana wengi wameacha gari juu ya mawe wiki tatu wakisubiri boliti.

Kosa la mwisho ndilo linaloua bushi nyingi kuliko mawe yote, na linafanyika ndani ya gereji. Fundi anafunga amu gari likiwa limening'inia, miguu imeshuka mpaka mwisho, anakaza boliti zote kwa nguvu zake zote. Gari linashushwa, linakaa kwenye tairi zake, na kila bushi ya mpira imeshapindwa kabla haijatembea hata mita moja. Ikikutana na shimo inapindwa zaidi. Ndani ya wiki chache mpira umebanduka, mteja anarudi akisema ameuziwa feki, kumbe aliuziwa oji.

Utaratibu sahihi hauhitaji mashine. Boliti zinaingizwa na kushikwa kwa mkono tu. Gari linashushwa likae na uzito wake juu ya shimo, linatikiswa nyuma mara mbili tatu lijipange, ndipo spana ya kupima nguvu inapita. Poliyuretheni haina shida hii kwa kuwa inazunguka, lakini kijana wetu ameacha mpira kwenye ile amu ndefu, kwa hiyo yake inafungwa hivyo.

Kutoka hapo ni alaimenti, tairi za nyuma ziangalie ndani kidogo sana, zisiangalie nje kamwe. Kisha barabara ya vumbi, taratibu, bila saa. Baada ya kilomita 100 hivi gari linarudi juu ya shimo, na spana inapita tena kwenye kila nati. Kama kuna amu za kurekebisha, nati zake ziwe zimepigwa mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye amu. Hapo hata spana haihitajiki kwanza: unafuta vumbi kwa kidole, ukikuta mstari umekatika, nati imetembea.